Hamu ya Santuri Ikipungua: Angalia Sindano Kabla ya Kuita Mnunuzi

Dalili zake hufanana kwa wengi. Kabati limejaa. Santuri tatu za mwisho ulizonunua bado zimo katika mfuko uliotoka nao sokoni. Jioni ukifika nyumbani unafungua simu na kucheza wimbo uleule ulio nao kabatini. Ukijilazimisha kuweka santuri, nusu ya upande haijaisha tayari umeinua mkono wa mashine. Kisha linakuja wazo la kuuza zote kwa mpigo, kwa mtu mmoja, zitoke machoni.

Usiuze mwezi huo. Kinachomchosha mkusanyaji mara nyingi si muziki. Huwa ni sauti iliyoharibika polepole hadi sikio likaacha kuifurahia bila kujua sababu, au kununua kwa kasi kuliko kusikiliza, au vumbi na kuvu vinavyofanya kila santuri iwe kazi. Yote matatu yana dawa, na dawa zina mpangilio wake: kwanza mashine, kisha usafi, kisha kuchambua, na kuuza mwisho kabisa. Anayeanza na kuuza huuza kwa kusikiliza sindano iliyokwisha.

Kwa anayekusanya Nairobi kuna sababu nyingine ya kutokurupuka. Kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980 mji huu ulikuwa karakana kubwa ya muziki wa Afrika Mashariki: benga, twisti, rumba ya bendi zilizotoka Kongo, na bendi za Tanzania ambazo santuri zao zilichapwa hapa. Nyimbo nyingi zilitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45 tu, kwa nakala chache, na hazikuchapwa tena. Santuri ya Jim Reeves ukiiuza leo utaipata nyingine kesho. Santuri ndogo ya bendi iliyopiga katika baa moja miaka miwili ikavunjika, huenda usiione tena maishani.

Siku 60 bila kununua wala kuuza

Weka alama kwenye kalenda. Kwa siku 60 usinunue santuri hata moja, na usiuze. Fedha ambazo zingeenda sokoni ziende kwa sindano, mkanda wa mpira unaozungusha mashine, na maji ya kuoshea.

Piga hesabu ya muda pia, maana ndiyo hueleza mengi. Santuri kubwa moja ni dakika 40 hivi, na kuijua vizuri kunataka uisikilize angalau mara tatu, yaani saa 2. Mtu anayenunua santuri 8 kwa mwezi anajidai saa 16 za kukaa na kusikiliza kila mwezi. Ikiwa saa hizo huna, deni linarundikana kabatini, na kila ukilitazama unajiona umeshindwa. Uchovu huo watu wengi huuita kupoteza hamu.

Sindano

Anzia hapa kabla ya kitu kingine chochote. Sindano ya almasi ya kawaida hudumu kati ya saa 500 na 1,000. Anayecheza santuri moja kubwa kila siku hutumia saa 240 hivi kwa mwaka, kwa hiyo baada ya miaka miwili hadi minne sindano imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Sindano za yakuti zinazokuja na mashine ndogo za sanduku hazifikii hata nusu ya hapo.

Sindano iliyokwisha hujitambulisha mwishoni mwa upande. Sikiliza wimbo wa kwanza, kisha wa mwisho, kwenye santuri unayoijua vizuri. Herufi "s" na "sh" zikianza kuchubuka kama karatasi inayokwaruzwa, na sauti ya mwimbaji ikipasuka anapopandisha, hiyo ni sindano au mpangilio wake. Sababu yake ni hii: kwa mizunguko 33 na thuluthi kwa dakika, mfuo wa nje, yaani mstari uliochimbwa ambamo sindano hupita, hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde, na ule wa karibu na lebo kwa sentimita 21 hivi tu. Muziki uleule unabanwa katika nafasi isiyofika nusu, na ncha iliyolika haiwezi tena kufuata kona hizo. Inakata badala ya kufuata. Kila ukicheza santuri kwa sindano hiyo unaila, kwa hiyo siku ile unayoigundua ndiyo siku ya kuacha kuitumia.

Sindano mpya ikishaingia, pima uzito wake juu ya santuri. Katriji (kichwa kidogo kinachobeba sindano) nyingi za sasa hutaka kati ya gramu 1.5 na 2.5, Ortofon 2M Red, kwa mfano, ni gramu 1.8, na Audio-Technica VM95E ni gramu 2. Fanya hivi:

1. Weka mashine juu ya meza isiyotikisika, uikague kwa pima maji pande mbili, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia.
2. Kirekebishi cha kuzuia mkono usivutwe ndani kiwe sufuri.
3. Zungusha uzani wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe sambamba na santuri, bila kupanda wala kushuka.
4. Shika uzani usisogee, uzungushe pete yenye namba peke yake hadi isome 0.
5. Sasa zungusha uzani pamoja na pete yake hadi namba ya katriji yako.
6. Rudisha kile kirekebishi kwenye namba hiyohiyo.

Kosa la kawaida ni hatua ya 5: watu huzungusha pete bila uzani, namba inabadilika na mkono unabaki ulivyokuwa. Ndiyo maana mizani ndogo ya dijitali ya kupimia sindano inafaa sana. Hakikisha kisahani chake kiko kimo sawa na santuri. Mizani ya sonara ni ndefu mno, inainua mkono na kudanganya. Na usipunguze uzito ukidhani unaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka mfuoni na kuchana kuta zake, madhara makubwa kuliko ya sindano iliyozidi kidogo. Mashine ndogo za sanduku nazo zina tatizo la upande wa pili: nyingi hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi, na hazina kirekebishi. Usichezee santuri za zamani juu yake.

Ukipanga pembe ya katriji kwa karatasi ya vipimo, ichapishe saiba kwa asilimia 100 kamili. Mhudumu akiiacha kompyuta "itoshee" ukurasa, vipimo vyote vinapungua na sindano itakaa mahali pasipo pake. Chukua rula, pima mstari wa majaribio ulio kwenye karatasi hiyo kabla ya kuondoka dukani.

Kasi, na mashine zilizotoka Marekani

Hili linawatesa watu wengi bila wao kujua. Stima yetu ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Ya Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Mashine iliyotumwa na ndugu kutoka huko huchomekwa kwenye transfoma ya kushusha volti, na inawaka vizuri. Lakini transfoma haigeuzi 50 yetu kuwa 60. Mashine ambayo mota yake hufuata mapigo ya umeme moja kwa moja itazunguka kwa pungufu ya karibu asilimia 17: badala ya 33 na thuluthi itakwenda 27.8, na badala ya 45 itakwenda 37.5. Gitaa la benga likipunguzwa hivyo halina uhai tena. Sauti inashuka nusu-toni tatu hivi, besi inaburura miguu, na msikilizaji anasema siku hizi muziki huu haunisisimui.

Pima bila kifaa chochote. Bandika kipande kidogo cha karatasi pembeni mwa santuri, washa saa ya simu, hesabu mara ngapi kinapita mbele yako. Kwa 33 na thuluthi kipite mara 50 katika sekunde 90. Kwa 45 kipite mara 45 katika sekunde 60. Ukitumia ile karatasi ya mistari inayosomwa chini ya taa, hakikisha ni ya umeme wetu: mistari 180 kwa santuri kubwa. Ile ya Marekani ina mistari 216, na chini ya taa ya hapa itaonekana imetulia kabisa mashine ikienda 27.8, yaani itakuthibitishia kosa lilelile. Baadhi ya taa za LED hazimetimeti kabisa, kwa hiyo kuhesabu ndiko salama.

Dawa inategemea mota. Mashine za mkanda za aina hiyo zinaweza kubadilishiwa puli, ikawekwa ya umeme wa 50, na fundi mzuri anaweza kuichonga mpya kwa lathi. Mashine zinazotumia adapta ya umeme wa betri, na zile za kuzungusha moja kwa moja zenye kidhibiti cha kwatsi, hazijali hiyo 50 au 60. Zinataka volti sahihi tu. Ikiwa kasi inayumbayumba badala ya kuwa pungufu moja kwa moja, tazama mkanda. Mpira uliolegea au unaong'aa umekufa. Ukienda Luthuli Avenue kutafuta mwingine usibebe mashine, beba mkanda wenyewe na kipimo chake: ulaze mara mbili mezani bila kuuvuta, pima urefu, uzidishe kwa mbili.

Sauti ikiwa ndogo na nyembamba mno, umechomeka mashine kwenye tundu la kawaida la amplifaya bila kikuza sauti cha santuri. Mngurumo ukisikika kabla hata ya wimbo, funga waya mwembamba wa mashine kwenye skrubu ya GND (ya ardhi) ya amplifaya.

Kuosha

Vumbi jekundu la Nairobi ni laini, linapenya hata dirisha likifungwa, na likichanganyika na mafuta ya vidole huwa tope ndani ya mfuo. Kitambaa kikavu hulisukuma tu.

Kwa lita moja ya dawa: mililita 750 za maji yaliyotoneshwa, mililita 250 za spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na matone 3 ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Maji hayo hupatikana kwenye vituo vya petroli, yakiuzwa kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huweza kukaa rafu ileile katika chupa inayofanana. Maji ya bomba na ya kisima kirefu yakikauka huacha chumvi ndani ya mfuo, na chumvi hiyo ndiyo utakayoisikia ikipasukapasuka wiki inayofuata. Spiriti ya hospitali usiitumie pia. Nyingi huchanganywa na mafuta ya mbarika, nayo hubaki juu ya santuri.

Onyo kubwa: spiriti isiguse santuri nzito za zamani za mizunguko 78. Hizo si plastiki, ni utomvu wa laki, na spiriti huuyeyusha mbele ya macho yako. Hizo zioshe kwa maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni, na uzikaushe upesi.

Funika lebo kwa mfuniko wa plastiki wa upana wa sentimita 10 hivi, kama wa kopo la mafuta ya kupikia. Nyunyiza mililita 5 za dawa, acha dakika moja. Pangusa kwa kitambaa cha maikrofaiba ukifuata mifuo, mizunguko 3 kwenda na 3 kurudi, kamwe usikate kutoka lebo kwenda ukingoni. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu na kitambaa cha pili, kwa sababu sabuni iliyobaki huganda kwenye sindano. Isimamishe kwenye rafu ya kukaushia sahani, kivulini, nusu saa. Isirudi kwenye mfuko wa ndani wa zamani. Una vumbi la miaka 40, utaichafua palepale. Mfuko huo kama una maandishi au picha uuweke nyuma ya jalada, na santuri iingie kwenye mfuko mpya.

Madoa meupe kama unga, yanayoota zaidi mvua za Machi hadi Mei, ni kuvu. Vaa barakoa na uoshee nje. Jalada lake likae mbali na mengine hadi likauke kabisa.

Kuchambua

Sasa mashine inasema kweli, unaweza kuhukumu. Toa santuri 20 bila kuchagua, cheza kila moja pande zote mbili, na uandike kwenye kikaratasi jambo moja tu: je, uliinua mkono kabla upande haujaisha? Usiandike bei, wala jinsi ilivyo adimu, wala nani aliyekuuzia. Santuri ambayo pande zote mbili ziliisha zenyewe inabaki. Ambayo uliinua mkono pande zote mbili inaondoka. Iliyobaki katikati inarudi kwenye foleni ya mwezi ujao. Kikaratasi kikae ndani ya jalada. Gundi juu ya jalada huchuna rangi.

Santuri ndogo zinataka utaratibu wake, na hapa ndipo wengi hukosea. Nyimbo nyingi za benga na rumba zilizochapwa Nairobi ziligawanywa: Sehemu ya 1 upande mmoja, Sehemu ya 2 upande wa pili. Upande wa kwanza una mashairi na kisa. Upande wa pili ndiko waimbaji wananyamaza, ngoma inakaza, na gitaa la solo linapanda juu na kukaa huko kwa dakika 3 au 4. Anayesikiliza upande wa kwanza peke yake na kusema wimbo umemchosha ameondoka harusini kabla ya ngoma. Panga santuri ndogo 10, kaa kwenye kiti kilicho karibu na mashine kiasi cha kuifikia kwa mkono, na ugeuze kila moja. Itachukua saa moja na kidogo. Kiti karibu na mashine kinaonekana jambo dogo, lakini kuinuka kila dakika 4 kutoka upande wa pili wa sebule ndiko kulikokufanya uende kwenye simu.

Kabla ya kuachia santuri ya hapa

Santuri za nje zilizochapwa kwa maelfu, za Kenny Rogers na wenzake, waweza kuziachia bila kufikiri sana. Zilizochapwa hapa zifanyie kazi hii kwanza, hata kama huzipendi.

Piga picha lebo zote mbili. Andika jina la bendi, mtunzi, kampuni na namba ya santuri. Kisha mulika tochi ya simu kwa kuilaza kwenye eneo laini kati ya mfuo wa mwisho na lebo: kuna namba iliyochongwa au kugongwa, na hiyo ndiyo inayotofautisha chapa moja na nyingine pale lebo zinapofanana. Iweke yote kwenye jedwali moja la kompyuta.

Halafu irekodi. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka biti 24 na kilohezi 96, hifadhi kama WAV, sauti ya juu kabisa isivuke -6 dB. Upande mmoja wa dakika 4 huchukua megabaiti 138 hivi. Usiondoe mikwaruzo kwenye nakala hiyo ya kwanza. Anayesafisha sauti leo huondoa pia matoazi, na kesho patakuwa na zana bora zaidi. Kuirekodi kwa masikio yako hakukupi ruhusa ya kuipakia mtandaoni. Haki bado ni ya mtunzi na warithi wake, na wengi wao wanaishi papa hapa. Mtu anayefanya kazi ya kuhifadhi muziki wa Kenya, kama walivyo Ketebul Music, atafaidika na jedwali lako hata kama santuri yenyewe umeiuza.

Kuuza

Ipe daraja kwa haki. Itazame chini ya taa moja kali, ukiiinamisha. Isiyo na alama ni NM (karibu mpya). Yenye alama hafifu zisizosikika ni VG+ (zaidi ya nzuri sana). Inayosikika mikwaruzo ya hapa na pale lakini muziki uko juu yake ni VG (nzuri sana). Santuri nyingi za hapa zimepita baa na matanga, kwa hiyo VG ya kweli ni nzuri. Usiipandishe cheo, mnunuzi ataisikia. Ukitazama bei Discogs, soko la santuri la mtandaoni, soma zilizouzwa, si zinazoombwa.

Usikubali kuuza santuri ndogo kwa bei ya rundo. Mnunuzi anayesema atachukua sanduku zima bila kugeuza hata moja anajua kuna tatu ndani zinazolipa zote. Wauzaji wa Kenyatta Market wameshika santuri nyingi kuliko mtu yeyote, na wakikwambia mfuo umelika, kubali. Peleka chache, sikiliza wanavyosema, rudi nyumbani, upange upya.

Inayosafirishwa itolewe kwenye jalada, iwekwe nyuma yake, vyote katikati ya kadibodi mbili ambazo mistari yake imepishana. Ikibaki ndani, hupasua ukingo wa jalada kwa uzito wake njiani.

Zinazobaki

Weka mpaka wa mbao: rafu moja ya sentimita 80 huchukua santuri kubwa 200 hivi zikiwa na nafasi ya kuingiza vidole. Rafu ikijaa, moja ikiingia nyingine itoke. Mwambie seremala uwazi uwe sentimita 33 kwenda juu, na ubao uwe mnene. Santuri 100 na majalada yake ni kilo 25 hivi, na ubao mwembamba utapinda kabla ya mwaka kwisha. Zisimame wima, sentimita 10 juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa na maji ya kupiga deki, mbali na dirisha la magharibi. Usiziache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa chakula cha mchana.

Ikiwa baada ya siku 60 hamu bado haijarudi, pumzisha mashine vizuri. Toa mkanda kwenye puli usije ukakariri umbo, funga mkono kwenye kishikio chake, rudisha kifuniko cha sindano, chomoa waya ukutani. Ufunike kwa kitambaa, si kwa nailoni, isije ikavuna unyevu. Acha santuri ndogo moja juu ya kifuniko, Sehemu ya 2 ikitazama juu.